Carl Linnaeus, Mtu Aliyewapa Majina Wadudu wa Nyumbani

Mhariri wa gazeti letu alipotangaza kwamba muhula huu anataka habari za maisha ya watu mashuhuri wa zamani, wenzangu wengi walidhani nitamwandika Mtwa Mkwawa, maana mimi ni mzaliwa wa Uhehe, na kutoka kwetu hata Kalenga si mbali. Habari za Mkwawa zimekwisha andikwa sana, tena na wazee wazijuao kuliko mimi. Mimi nimemchagua mtu wa mbali, Mswidi mmoja aitwaye Carl Linnaeus, aliyezaliwa mwaka 1707 na kufa mwaka 1778. Hakupata kukanyaga Afrika hata siku moja. Lakini wadudu wanaotunyima usingizi bwenini, yaani kunguni, kiroboto, chawa, na hata nzi wa chumba cha kulia, majina waliyo nayo katika vitabu vya elimu walipewa na yeye.

Kabla sijaeleza maisha yake, ndugu msomaji, yafaa niseme kidogo juu ya majina yetu wenyewe, kwa kuwa ndiyo yaliyonitia hamu ya kumtafuta mtu huyu. Katika bweni letu tumekusanyika watu wa kila upande: Njombe, Mbeya, Songea, Dodoma, na wawili watatu wa pwani. Mwenzetu mmoja wa pwani humwita mende kombamwiko. Mara ya kwanza tulicheka. Baadaye niliketi nikalifikiri neno lile, nikaona kwamba aliyelitunga alikuwa mtu mwenye macho. Kukomba ni kufuta mabaki ya chakula chomboni mpaka pabaki pakavu, na mwiko ni ule wa kusongea ugali. Basi mtu yule aliamka usiku, akawasha taa jikoni, akamkuta mdudu juu ya mwiko ulioachwa bila kuoshwa, naye hakuhitaji kitabu ili amwite kwa kazi yake.

Majina mengine ni hivyo hivyo. Kipepeo hupepea. Kimulimuli humulika. Tekenya, yule aingiaye chini ya ukucha wa mguu, jina lake ni moja na kitendo cha kutekenya, maana mwanzo wake ni mwasho mdogo kama wa mtu anayetekenywa. Kilio huja baadaye. Vunjajungu, yule mdudu akunjaye mikono yake kama mtu asaliye, alipata jina hilo kwa imani ya watu wa kale kwamba amgusaye atavunja chombo cha kwanza atakachokishika baada yake. Katika jiko letu vyombo huvunjika sana pasipo vunjajungu kuonekana, lakini hayo si habari ya leo.

Tena majina hayakomi kuzaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tabora mdudu mgeni kutoka Amerika, mwenye kutoboa mahindi ghalani mpaka yakawa unga mtupu. Wataalamu walimwita dumuzi. Wakulima wengine walimwita Scania, kwa kumfananisha na lori kubwa lililokuwa likipita barabarani na kubeba kila kitu. Sisi ambao wazazi wetu hulima mahindi huko Ismani twaijua habari yake vizuri, maana gunia moja likiingiwa, baada ya miezi michache hubaki vumbi na punje zenye matundu. Na huko mijini siku hizi neno chawa limepanuka, likawaingiza hata watu wawafuatao wenye fedha na vyeo ili kuwasifu. Chawa mwenyewe, nadhani, angekataa kulinganishwa nao, maana yeye hasifu mtu.

Majina haya ni matamu, lakini yana shida yake. Mdudu mmoja huwa na majina mengi, na jina moja huchukua wadudu wengi. Ukisema funza, huyu atafikiri yule wa mguuni, na huyu atafikiri yule wa nyama iliyooza. Mchwa na kumbikumbi ni wadudu wa kichuguu kimoja, ila kumbikumbi ni wale waliopata mabawa mvua zinapoanza. Mtu asiyejua atadhani ni aina mbili. Ikiwa twakosana hivi katika bweni moja, itakuwaje kwa daktari wa Iringa atakaye kumwandikia mwenziwe wa India au Brazil juu ya mdudu fulani? Hiyo ndiyo shida aliyoishika Linnaeus maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini ya Uswidi. Babaye aliitwa Nils, naye alikuwa mchungaji wa Kilutheri aliyependa sana bustani. Wakati ule watu wa kawaida wa Uswidi hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alitumia jina lake na la babaye, kama tufanyavyo wengi wetu katika orodha ya darasa. Nils alikuwa mwana wa Ingemar, basi. Lakini alipokwenda chuo kikuu alitakiwa awe na jina la ukoo, akakumbuka mti mkubwa uliomea katika shamba la kwao, uitwao lind kwa lugha yao, akautia sura ya Kilatini, akajiita Linnaeus. Kwa hiyo mtu aliyeipa dunia majina, jina lake mwenyewe lilitungwa na babaye, tena lilitoka katika mti.

Tangu utotoni Carl alikaa bustanini na babaye, akiuliza jina la kila mmea. Yasemekana siku moja babaye aliudhika kwa kuulizwa jina lile lile mara nyingi, akamwonya kwamba hatamwambia jingine ikiwa atasahau lile aliloambiwa. Mtoto akajitahidi asisahau tena. Naliona jambo hili kuwa shule yake ya kwanza, na huenda ndiyo iliyomfaa kuliko zote, maana katika shule yenyewe hakufanya vema.

Wazazi walitaka awe mchungaji kama babaye. Alipelekwa katika mji wa Växjö, wakamfundisha Kiyunani, Kiebrania na mambo ya dini, naye akawa akitoroka kwenda mashambani kuchuma majani. Mwaka 1726 babaye alikwenda kuuliza maendeleo yake. Walimu wakamwambia wazi kwamba kijana hana kichwa cha elimu ya uchungaji, na afadhali atafutiwe kazi ya mikono. Nils alikuwa tayari kumpeleka kwa fundi viatu. Wanafunzi wenzangu mliopata ripoti mbaya mwaka jana, naomba mzisome habari hizi mbele ya wazazi wenu, ila msiruke sehemu ifuatayo. Katika shule ile alikuwako mwalimu mmoja aliyekuwa pia daktari, jina lake Johan Rothman. Yeye alimwona kijana si mjinga, ila moyo wake uko kwingine, akamwomba babaye amwachie amfundishe elimu ya mimea na ya mwili. Bila Rothman dunia ingalipata fundi viatu mmoja zaidi, na kunguni wangalipewa jina na mtu mwingine.

Mwaka 1727 aliingia chuo cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Huko alikuwa maskini sana. Viatu vyake vilitoboka, akavitia karatasi ndani ili atembee. Akiwa katika hali hiyo mtaalamu mmoja wa dini, Olof Celsius, alimkuta bustanini akiandika juu ya mimea, akastaajabia elimu yake, akamchukua nyumbani kwake. Kabla hajapata shahada yoyote Linnaeus alikuwa amekwisha wekwa kuwafundisha wenziwe, na watu walijaa kumsikiliza.

Mwaka 1732 alisafiri miezi mitano peke yake katika nchi ya Lapland, kaskazini kabisa, kwenye baridi ambayo ile yetu ya mwezi wa Juni na Julai haiwezi kushindana nayo. Akarudi na madaftari yaliyojaa mimea, wadudu, na desturi za Wasami wafugao kulungu wa huko.

Kisha akataka kuoa. Binti aliitwa Sara Elisabeth, na babaye alikuwa daktari mwenye mali katika mji wa Falun. Mzee yule hakukataa, ila alitaka kwanza mkwewe awe daktari kamili. Ndiyo sababu Linnaeus alikwenda Uholanzi mwaka 1735. Njiani alipita Hamburg, na huko watu walikuwa wakionyesha kwa fahari nyoka mkavu mwenye vichwa saba, ambaye thamani yake ilikuwa kubwa mno. Linnaeus alimtazama, akaona kwamba mataya yale ni ya vicheche, na ngozi za nyoka zimebandikwa juu. Akasema aliyoyaona. Wenye nyoka walikasirika hata ikambidi aondoke mjini upesi.

Uholanzi alikwenda chuo kidogo cha Harderwijk, kilichojulikana kwa kutoa shahada haraka, akapata udaktari kwa muda usiotimia wiki mbili. Insha aliyoitetea pale yatuhusu sana sisi wa Afrika, maana ilikuwa juu ya chanzo cha homa zinazokuja na kuondoka kwa vipindi, yaani malaria, ambayo zamani ilikuwako hata Uswidi. Linnaeus alidai kwamba homa hiyo yatokana na udongo wa mfinyanzi ulio katika maji ya kunywa. Hakushuku mbu. Miaka ishirini na mitatu baadaye aliwaandika mbu katika kitabu chake chini ya jina Culex, akaendelea na mdudu mwingine. Ilikuwa mpaka mwaka 1880 ndipo Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alipokiona kiini cha malaria katika damu, na mwaka 1897 ndipo Ronald Ross alipokiona ndani ya mbu.

Mwaka ule ule wa 1735 alitoa kitabu kiitwacho Systema Naturae, yaani utaratibu wa maumbile. Kilikuwa na kurasa kubwa zipatazo kumi na mbili tu, na ndani yake alipanga mawe, mimea na wanyama katika makundi kama mtu apangavyo kabati. Alirudi Uswidi mwaka 1738, akamwoa Sara Elisabeth mwaka 1739, na mwaka 1741 akawa profesa huko Uppsala, akakaa huko mpaka kufa.

Habari za ualimu wake zanifurahisha kuliko zote. Aliwatoa wanafunzi darasani, akawaongoza mashambani kwa makundi makubwa, kila mmoja na kazi yake: huyu aandike, huyu achunge mstari, huyu apige ndege kwa bunduki. Wadudu walichomwa pini kofiani. Mtu akipata kitu kigeni, tarumbeta ilipigwa ili wote wakusanyike kumsikiliza profesa akikieleza. Jioni walirudi mjini kwa ngoma na tarumbeta, maua yakiwa kofiani, wakipiga kelele za kumtakia maisha marefu. Mwalimu wetu wa Biolojia hutupeleka ukingoni mwa Ruaha Mdogo mara moja kwa mwaka. Nathubutu kumkumbusha tarumbeta.

Sasa nieleze hayo majina yenyewe. Kabla yake wataalamu walitumia Kilatini, lakini jina la mmea au mdudu lilikuwa kama sentensi nzima, lenye maneno kumi au zaidi ya kueleza miguu, nywele na rangi. Kila mtaalamu alitunga sentensi yake, na akipatikana mdudu mwingine anayefanana na yule, ilibidi sentensi irefushwe. Linnaeus alileta maneno mawili tu: la kwanza ni la ukoo, na la pili ni la mdudu mwenyewe. Alifanya hivyo kwa mimea mwaka 1753, na kwa wanyama mwaka 1758 katika chapa ya kumi ya Systema Naturae, ambayo sasa ilikuwa imenenepa hata kubeba wanyama zaidi ya 4,000. Wataalamu wamekubaliana kwamba majina ya wanyama yahesabiwe kuanzia chapa hiyo, na lililo la kabla yake halihesabiwi.

Nilipopata maana za Kilatini kile nilishangaa. Nilikuwa nikikariri kwa ajili ya mtihani maneno magumu yasiyo na maana kwangu, kumbe bwana yule aliwaita wadudu kwa kazi zao, sawasawa na aliyetunga kombamwiko. Kunguni ni Cimex lectularius, na neno la pili latokana na kitanda. Kiroboto ni Pulex irritans, yaani kiroboto mwenye kuudhi. Nzi ni Musca domestica, nzi wa nyumbani. Chawa ni Pediculus humanus, yaani chawa wa binadamu, na kweli hana mwingine. Mchwa wa nchi za joto aliwaweka chini ya jina Termes, na mmoja akamwongezea neno fatale, la maangamizi. Aliyewahi kuona paa la nyumba likianguka kwa kuliwa na mchwa hatalipinga. Na tekenya aliitwa Pulex penetrans, yaani kiroboto apenyaye. Sisi tulitazama mwasho, yeye akatazama namna aingiavyo.

Habari ya tekenya yastahili kuongezewa maneno. Linnaeus alipomwandika, mdudu huyo alikuwa wa Amerika, na mababu zetu wa huku hawakumjua. Mwaka 1872 meli moja iliyotoka Brazil ilimleta pwani ya Angola katika mchanga wake. Kutoka pale alifuata misafara ya wapagazi, kijiji kwa kijiji, hata katika miaka ya 1890 akatokea pwani yetu ya mashariki. Ilikuwa miaka ile ile Mkwawa alipokuwa akipigana na Wajerumani. Kwa hiyo tekenya alikuwa na jina la Kilatini zaidi ya miaka mia moja kabla hajapata la Kiswahili. Siku hizi wataalamu wamembadilisha ukoo, humwita Tunga penetrans, lakini neno la pili limebaki lile lile la mwaka 1758.

Katika mende Linnaeus alikosea, na makosa yenyewe yanachekesha. Mende mkubwa mwekundu aliyeletwa kutoka Amerika alimwita wa Amerika, nasi mpaka leo twamwandika Periplaneta americana. Wataalamu wasema asili yake ni Afrika, na kwamba alivuka bahari ndani ya meli, zikiwamo zile zilizobeba watumwa. Yeye alipewa uraia kule alikokamatwa. Mende mdogo wa jikoni alimwita wa Ujerumani katika chapa ya mwaka 1767. Jina hilo halikuwapendeza Wajerumani, na wengi wao walikuwa wakimwita Mrusi, nao Warusi wakamwita Mprusia. Kila taifa lilimtupia jirani. Mwaka 2024 wachunguzi waliopima urithi wa mende hao kutoka nchi nyingi walitangaza kwamba si wa Ujerumani wala wa Urusi. Walitokana na mende wa porini wa Asia, upande wa India au Myanmar, yapata miaka 2,100 iliyopita, wakasambaa pamoja na biashara na majeshi ya watu. Pamoja na hayo jina halibadilishwi. Sheria ya majina yasema la kwanza ndilo lidumulo, hata kama limesema uongo juu ya kwao.

Tena aliwahesabu buibui, nge, kupe na hata kaa kuwa wadudu, jambo ambalo leo mwanafunzi wa kidato cha kwanza angenyimwa alama kwa kuliandika. Lakini asidharauliwe. Alipoitwa kuchunguza mbao za meli zilizokuwa zikitobolewa, alimtafuta mdudu mwenyewe, akajua majira anapotaga mayai, akashauri mbao zizamishwe majini wakati huo ili asipate pa kutaga. Hapo elimu ya kumjua mdudu kwa jina na tabia ilileta faida ya fedha.

Wanafunzi wake aliwatuma duniani kote wamletee mimea na wadudu, na wengi hawakurudi. Mmoja wao, Peter Forsskål, alifika Yemen, ng'ambo tu ya pembe yetu ya Afrika, akafa huko mwaka 1763 akiwa na miaka 31. Kilichomwua ni malaria.

Ipo sehemu moja ya kitabu chake ambayo sikutaka kuiruka, ingawa rafiki yangu mmoja alinishauri niiache. Linnaeus hakuishia kwa wadudu. Alimpanga na mwanadamu katika kabati lile lile, akampa jina Homo sapiens, maana yake mtu mwenye hekima. Hilo lilikuwa jambo la ujasiri, kwa kuwa alimweka mtu karibu na nyani, na wakubwa wa dini walikasirika. Lakini kisha aliwagawa watu katika mafungu manne kwa mabara yao, na katika chapa ya mwaka 1758 akaliandikia kila fungu tabia. Mzungu alimwandika kuwa mvumbuzi atawalwaye kwa sheria. Mwafrika alimwandika kuwa mvivu, mjanja, mzembe, atawalwaye na matakwa yake ya ghafla. Huyu ni mtu ambaye Hamburg aligundua uongo wa vichwa saba kwa kuutazama kwa macho yake. Juu yetu hakuja kutazama. Aliandika yale yaliyokuwa yakisemwa na mabaharia na wafanya biashara, na kwa kuwa yaliingia katika kitabu cha elimu, pembeni ya kunguni na nzi ambao alikuwa amewaeleza sawasawa, watu waliyachukua kuwa elimu.

Waliomfuata walikwenda mbali zaidi. Walianza kukusanya mafuvu ya watu wa mabara yote na kuyapima. Hapa kwetu twayajua mambo hayo. Mkwawa alipokufa mwaka 1898 Wajerumani walimkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa kwao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lakini miaka ilipita mpaka lilipotafutwa katika makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengine mengi, likarudishwa mwaka 1954. Sasa liko Kalenga, na kila mwanafunzi wa shule hii amelitazama. Simshitaki Linnaeus kwa kichwa cha Mkwawa. Yeye alikuwa amekufa miaka 120 kabla yake. Nasema tu kwamba kabati lile lilitengenezwa na yeye.

Uzee wake ulikuwa wa huzuni. Mfalme alikuwa amempa cheo cha ukabaila, akaitwa von Linné, na alikuwa na shamba zuri huko Hammarby. Lakini tangu mwaka 1774 alipatwa na kiharusi mara kwa mara. Kumbukumbu ilimtoka. Yasimuliwa kwamba walimpa vitabu vyake mwenyewe, akavisoma kwa furaha na kumsifu sana mwandishi, asijue ni yeye. Mwisho alisahau hata jina lake, lile lililotoka katika mti. Akafa tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala.

Mwanawe aliyeitwa Carl kama yeye alirithi kazi yake, akafa naye mwaka 1783. Mjane, akiwa na mabinti wa kutunza, aliuza makusanyo yote kwa kijana mmoja wa Kiingereza, James Edward Smith, mwaka 1784. Yako London hata leo, na wadudu waliomo ni zaidi ya 3,000, wengine wakiwa bado juu ya pini alizowachoma yeye. Wataalamu wakibishana juu ya mdudu fulani, huenda kumtazama yule wa Linnaeus, maana kila jina lina kielelezo chake kinachohesabiwa kuwa ndicho chenyewe.

Kwa mwanadamu hakuweka kielelezo chochote. Mwaka 1959 mtaalamu mmoja wa Kiingereza, William Stearn, aliandika kwamba ikiwa Homo sapiens lazima awe na kielelezo, basi kwa haki kielelezo hicho ni Linnaeus mwenyewe, kwa kuwa hakuna mtu aliyemchunguza zaidi ya nafsi yake. Wengi walilikubali shauri hilo. Kielelezo hicho hakiko London juu ya pini. Kiko Uppsala, chini ya sakafu ya kanisa, pamoja na mkewe Sara Elisabeth.